Laana ya Yai la Kuchemsha

Mzee Yaw Amankwatia alikuwa mpole kila mahali isipokuwa nyuma ya usukani. Kila Jumanne jioni aliongoza ushirika wa wanaume kanisani, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa uvumilivu. Alilifundisha kwa sauti ya chini, macho ameyafumba nusu, mpaka akina mama waliokuwa wakipita nje walisimama dirishani wamsikilize. Halafu alijipakia kwenye Prado lake jeusi, akafunga mlango, na kabla hajalivuka geti la kanisa alikuwa ameshamwita mtu mbuzi.

Mkewe, Afua Pinamang, alikuwa amekalia kiti cha pembeni kwa miaka kumi na tisa na hakukuwa na tusi la barabarani ambalo hakulijua. Aliyajua yale ya asubuhi, ya mchana, ya mvua, na yale maalumu kwa madereva wanawake. Mara moja mchungaji alimvuta Mzee pembeni akamshauri kwamba akipandwa na hasira ahesabu mpaka kumi. Mzee alishukuru sana. Tangu hapo alikuwa akihesabu kwa sauti, "Moja, mbili, hivi huyu kichaa leseni kapewa na nani?" Afua hakuwahi kusikia nne.

Kilichomuumiza si matusi. Matusi aliyazoea mtu anavyozoea kelele za mashine ya kusaga. Kilichomuumiza ni kwamba yule mwanamume, kwa mtu mwenye ukubwa wake au zaidi, hakuwa na hasira hata kidogo. Polisi akimsimamisha alitabasamu mpaka magego. Mbele ya gari la waziri alisogea pembeni mwenyewe kabla hajaombwa. Hasira yake ilijua kuchagua watu, na hasira inayochagua watu Afua aliidharau kuliko ulevi.

Basi Alhamisi moja alimpeleka mama mkwe wake kliniki ya miguu kwa gari lile, na wakati wa kurudi akiliingiza kinyumenyume akaigonga nguzo ya geti. Mlango wa nyuma wa kushoto ulibonyea kidogo, ukabakiwa na mstari wa rangi ya buluu ya nguzo. Gari likiegeshwa upande ule hutazama ukuta, kwa hiyo Mzee hakuuona. Afua alikusudia kumwambia jioni ile ile. Lakini Mzee alirudi akisimulia alivyomtoa machozi binti wa kituo cha mafuta kwa sababu ya kuchelewa kufungua tangi, anasimulia huku anacheka, na Afua akaona bora asubiri kesho. Kesho nayo ilikuja na kisa chake. Alijiona mwoga, na hilo lilimkera, maana mbele ya watu wengine wote hakuwa mwoga.

Jumamosi walikuwa na msiba. Nusu ya jiji la Kumasi ilikuwa na msiba, kama kila Jumamosi, na barabara ya kutoka mzunguko wa Oforikrom ilijaa magari ya watu waliovaa nyeusi na nyekundu. Mzee alikuwa amejitanda vitambaa vyake vizito vya maziko, bega la kulia wazi, na alikuwa na haraka kwa sababu kiti chake kilikuwa mstari wa mbele. Marehemu asingeondoka bila wao, Afua alimkumbusha.

"Si suala la marehemu," Mzee alisema. "Kuna watu ukichelewa tu wanakaa kwenye kiti chako."

Akatoka kwenye foleni, akaingia pembeni ya lami, akawapita watu thelathini waliokuwa wakingoja kwa adabu, akiwatimulia vumbi nguo zao za msiba. Huko mbele pembeni palikwisha, pana mtaro. Ikabidi arudi kwenye foleni, na mahali alipotaka kujipenyeza palikuwa na teksi kuukuu iliyoandikwa kwenye kioo cha nyuma WATASEMA MCHANA. Teksi haikumpisha. Haikufanya lolote baya, ilikaa tu mahali pake.

Mzee alihesabu moja. Kisha akakata usukani, akaikingia teksi kwa mbele, akashuka.

"Wewe! Shuka! Shuka nikuone!"

Dereva wa teksi, mtu wa miaka hamsini hivi aliyeitwa Kwadwo Bosompem, alikuwa akimenya karanga. Alitoa kichwa dirishani. "Nishuke? Kwani hapa ni stendi?"

"Unanizibia njia kwa sababu gani?"

"Njia gani, baba? Njia ni hii ya kwetu. Wewe ulikuwa kule kwa mbuzi."

Watu kwenye magari ya nyuma wakacheka. Kwa Mzee Amankwatia kuchekwa ndiko kulikoharibu kila kitu. Alianza kulizunguka Prado akitafuta sababu, maana alihitaji sababu kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo, na kwenye mlango wa nyuma wa kushoto akaipata.

"Umenibonda gari!" akapiga yowe. "Jamani tazameni! Huyu mtu kanibonda gari!"

 Ndani ya Prado, mkono wa Afua ulikuwa tayari kwenye kitasa. Neno moja tu, alijiambia. Toka, sema ni mimi, yaishe. Lakini nje watu walikuwa wameshajaa, na alijua mdomo ule ungegeuziwa nani mbele yao wote. Akakaa.

Bosompem alishuka taratibu, akakung'uta maganda ya karanga, akaenda kuinama mbele ya ule mlango kama fundi. "Mzee, hii rangi hapa ni ya buluu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo gari langu lina buluu wapi? Tazama, mbele njano, nyuma njano. Kumasi nzima teksi ni njano. Katafute mwenye buluu."

"Unajua unaongea na nani?"

"Kwa nguo naona naongea na mfiwa. Pole sana, baba."

Wakacheka tena, safari hii mpaka abiria wa teksi. Kitambaa cha Mzee kikaanza kuteleza begani, akakidaka kwa mkono wa kulia, na kwa kuwa hasira haiwezi kungoja nguo, akamnyooshea Bosompem kidole cha mkono uliobaki.

"Aaa!" wanawake wakaguna.

"Mkono wa kushoto?" Bosompem aliuliza, na sasa hakuwa anatania. "Mtu mzima na mvi zako unaninyooshea wa kushoto?"

Mtu mwingine angeomba radhi hapo hapo. Hata walevi huomba radhi. Mzee Amankwatia alitazama huku na huku, na kwa bahati mbaya alikuwa anapita mama muuza mayai, sinia kichwani, anakatiza kati ya magari. Mzee akachomoa yai moja bila kuuliza bei, akaliinua juu.

"Mimi Yaw Amankwatia! Aliyelibonda gari hili na kunyamaza, awe mwanamume, awe mwanamke, namkabidhi kwa mto Asuobena! Umchukue kabla siku saba hazijaisha!"

Akalibamiza yai kwenye lami.

Jina lile halitajwi hovyo. Watu walioacha kucheka hawakuambiwa waache. Honi zilinyamaza, dereva mmoja akazima redio. Kila mmoja pale, Mkristo na asiye Mkristo, alikuwa na shangazi au binamu anayesemekana alichukuliwa na mto ule. Katika ukimya huo yai lilidunda mara moja, likabingirika, likaenda kutulia chini ya teksi na ufa mdogo ubavuni.

"Mzee," mama muuza mayai akasema, "hilo nimechemsha. Na pilipili yake hukuchukua."

Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa wengi waliumia mbavu. Bosompem alivua kofia. "Mimi sikuligusa gari lako, kwa hiyo sina hofu. Ila jina hilo ukilitaja hapa haliishii hapa. Mimi nimelisikia, nisipolipeleka mtoni nitaulizwa mimi." Akainama, akaliokota lile yai, akalifunga kwenye karatasi ya karanga.

Mzee alirudi garini anahema, amechangamka, kama mtu aliyetoka kuoga. "Umeona nilivyomnyoosha?"

Afua alikuwa anahesabu siku kwa vidole.  Msibani Mzee alikikuta kiti chake kitupu, akakikalia, na aliimba nyimbo zote kwa sauti ya pili.

Afua alikuwa fundi cherehani mwenye wanafunzi wanne, mwanamke aliyesoma, na kama ungemuuliza Jumatano saa nne asubuhi kama anaamini habari za mto angecheka na kuendelea kukata kitambaa. Usiku ule na kesho yake hakucheka. Hakuwa na hakika kama anaamini, ila aligundua kwamba kuogopa hakungoji hakika. Jumapili, walipotoka ibadani na Mzee akiwa ameshiba fufu, akamwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Baba Nhyira, yule mtu wa teksi ulimwonea. Gari nililigonga mimi, Alhamisi, hapo getini."

Mzee aliweka chini kijiti cha kuchokolea meno. Kisha aliinuka, na Afua akadhani anamjia, lakini alipita mbio mpaka nje. Alimwona dirishani akiichunguza nguzo, anaigusa kwa kidole, anaenda kwenye gari, anarudi kwenye nguzo. Aliporudi ndani uso ulikuwa umemvimba.

"Nguzo nimeipaka rangi mwezi uliopita tu!"

"Baba Nhyira, sikia nilichosema."

"Nimesikia. Umenifanya nionekane mpumbavu mbele ya watu. Na pale pale ulikuwa umekaa ndani ya gari unanitazama!"

"Umenikabidhi kwa mto," Afua alisema. "Ulisema awe mwanamume, awe mwanamke. Mwanamke mwenyewe ni mimi. Twende ukayafute maneno yako."

Hapo ndipo Mzee alipotulia. Afua aliiona hasira inatoka, na kinachoingia mahali pake kilikuwa kibaya zaidi, ilikuwa ni hesabu. Baada ya wiki mbili wazee wa kanisa walikuwa wanamchagua kiongozi wao, na jina lilikuwa moja tu. Mtu huyo aonekane anaburuta kondoo wa kufutia laana kwenda mtoni?

"Lile yai lilikuwa limechemshwa," alisema polepole.

"Nini?"

"Yai bichi ndilo lina uhai. La kuchemsha ni chakula. Kisheria hapo hakuna kitu. Halafu tazama, siku moja imeshapita na wewe mzima wa afya. Zimebaki sita. Tulia tu."

"Nitulie ningoje nife, ndipo tujue yai lilikuwa bichi au la kuchemsha?"

"Usikuze mambo, Afua. Sisi ni Wakristo."

Mtu aliyewafokea askari wa zamu, wauza maji, mama wajawazito wanaovuka barabara, na mara moja maiti iliyokuwa kwenye gari la maziko, sasa aliombwa aseme neno moja la kumwokoa mkewe, akakumbuka kwamba ni Mkristo.  Afua akakusanya vyombo, akaenda jikoni, akamwandikia ujumbe mjomba wake.

Jumanne tarishi wa kuhani wa mto alifika getini na fimbo yake, akaacha habari kwamba yai limepokelewa na mwenye mdomo anaitwa. Mzee hakuwapo. Alikuwa kanisani anafundisha uvumilivu.

Jumatano alfajiri alikuja Mjomba Ntiamoah, kaka wa mama yake Afua na mkuu wa ukoo wao. Aliketi sebuleni, na Mzee mwenyewe, kwa tabasamu lile la polisi, akamletea maji ya mgeni. Mjomba hakuyagusa. Ukiona mgeni mkubwa hagusi maji, ujue hakuja kusalimia.

"Kunywa maji kwanza, Mjomba, ndipo nikuulize habari za utokako."

"Nitokako sina habari. Habari ziko hapa kwako. Yaw, Afua ni damu ya mama yake, na mama yake ni damu yetu. Tulikupa uishi naye. Tulikupa umkabidhi kwa mto?"

"Mjomba, jambo lenyewe dogo. Lilikuwa yai la kuchemsha."

"Vizuri sana. Njoo ukawaambie hivyo hivyo mtoni, Ijumaa. Usipokuja, Jumapili nitakuja mimi kanisani kwenu, nikae mstari wa mbele, niwaulize wazee wenzako kuhusu mayai."

Ndipo Mzee akakubali. Afua alijua vizuri ni kipi kilichomtia hofu katika yale maneno, na wala halikuwa jina la Afua.

Ijumaa, siku ya mwisho, waliondoka asubuhi. Mzee alivaa kanzu na miwani nyeusi na kupandisha vioo vyote. Kondoo hakumtaka kwenye viti vyake vya ngozi, kwa hiyo kondoo alipanda teksi ya Bosompem pamoja na Mjomba Ntiamoah, kwa kuwa Bosompem naye alitakiwa awepo. Njia nzima Mzee alilalamika kwamba teksi iliyo nyuma inamfuata karibu mno. Walipoiacha lami na kuingia njia ya udongo mwekundu, guta la matairi matatu lilimrushia vumbi kwenye kioo.

"Moja, mbili," Mzee alianza, akakanyaga mafuta.

"Baba Nhyira. Leo usimfukuze mtu. Nakuomba."

"Simfukuzi. Nataka tu aone ninavyomtazama."

Alilifukuza kilomita mbili, akalipita, akamtazama mwenye guta. Mwenye guta akampungia mkono kwa furaha, akidhani ni salamu. Mzee akarudi upande wake wa barabara ameuma meno, na Afua, ambaye alikuwa amebakiwa na saa chache za laana, akacheka kwa sauti. Alishangaa mwenyewe kwamba amecheka.

Asuobena si mto wa kutisha. Ni kijito cha maji ya kahawia chini ya mianzi, kinafika magotini, na juu yake pembeni pana njia ya malori yanayochota mchanga. Mzee aliegesha Prado katikati ya njia hiyo hiyo, kwenye kivuli. Kuhani alikuwa bibi mfupi mwenye kanzu nyeupe iliyopauka na sura ya mtu aliyesikiliza ugomvi wa watu tangu jua lilipochomoza. Lile yai lilikuwa kwenye sahani mbele yake, bado ndani ya karatasi ya karanga.

"Nana," Mzee aliwahi kusema, "kabla hatujaanza, ningependa ieleweke kwamba hilo yai…"

"Nimeliona. Limechemshwa," bibi alisema. "Wewe ulikuwa na njaa nalo, au lilikuwa na kazi?"

"Lilikuwa… na kazi."

"Basi. Mwanamke aingie majini."

Afua aliingia mpaka vifundoni, ameshika mayai matatu mabichi. Maji yalikuwa baridi. Akaambiwa aseme lake, akalisema bila kulipamba. "Nililigonga gari mimi, nikaficha. Nilificha kwa sababu naogopa mdomo wa mume wangu. Watu walipokusanyika nikamwacha huyu baba wa teksi atukanwe mahali pangu. Ndugu Bosompem, unisamehe."

"Nimesamehe, mama, toka siku nyingi," Bosompem alisema, na akatazama pembeni kwa sababu macho yalikuwa yamemlengalenga.

Kuhani akamgeukia Mzee. "Sasa wewe. Maneno yako ni machache. Nilikosea, maneno yangu nayarudisha. Usiongeze, usipunguze. Yakiisha, mkeo anavunja mayai na mnakwenda nyumbani."

Mzee akavua miwani, akakohoa. "Kama nilikosea…"

"Mto haujui kama. Rudia."

"Nilikosea. Lakini huyu dereva naye, angenipisha tu tangu mwanzo…"

"Rudia."

Mjomba Ntiamoah alitema mate kichakani. Afua alikuwa anamtazama mumewe usoni. Aliziona mvi zake, shingo yake nene, midomo yake inayotafuta mlango wa kutokea. Miaka kumi na tisa alikuwa amedhani ndani ya mtu huyu pana kitu kikali sana kinachomshinda nguvu, na alikuwa amekiogopa kitu hicho na hata kukihurumia. Sasa alimwona vizuri. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na mtu asiyeweza kusema nilikosea.

"Mara ya tatu ndiyo ya mwisho," kuhani alisema.

Mzee akashusha pumzi, akafumba macho kama Jumanne. "Nilikosea," alisema, na sauti ilikuwa nzuri. "Maneno yangu…"

Juu barabarani honi ikalia. Lori la mchanga lilikuwa limefika nyuma ya Prado na halina pa kupita. Honi ikalia tena, ndefu.

Mzee alifumbua macho.

"Maliza," Afua alisema kutoka majini. "Neno moja. Maliza."

Honi ikalia mara ya tatu, na sauti ikapaza, "Nani mwenye hili jeneza huku njiani? Litoe!"

"Jeneza?" Mzee akasema. "Kaniita nini? Subiri wewe! Wewe mjinga, subiri hapo hapo!" Na akageuka, akapanda ukingo wa mto mbio, kanzu amekunja mkononi, anahesabu kwa sauti.

Waliobaki chini walisikiliza. Kutoka juu yalisikika yote: unajua mimi ni nani, leseni kakupa nani, mbuzi wewe. Bosompem alitikisa kichwa. Kondoo alikuwa anakula majani.

"Nana," Afua aliuliza, na sauti yake ilikuwa imetulia kuliko alivyotegemea, "nimngoje?"

Bibi alifikiri. Aliyachukua yale mayai matatu mikononi mwa Afua moja baada ya jingine, akayaweka kwenye sahani mwenyewe.

"Aliomba achukuliwe aliyegonga na kunyamaza," alisema. "Wewe hukunyamaza. Umeingia ukasema, mto umesikia, mimi nimesikia, mjomba wako amesikia. Kilichobaki hapa ni cha kwake. Toka majini, mwanangu, utashikwa na mafua."

Afua akatoka. Mjomba akampa kitambaa chake ajifute miguu.

Walipanda kwa njia ya kando mpaka ilipoegeshwa teksi, Afua akakaa mbele, Mjomba nyuma na kondoo, ambaye kuhani alisema hamhitaji mpaka mwenye deni aje mwenyewe. Prado lilikuwa limesogezwa mwishowe, na lori lilikuwa limeshapita, linatimua vumbi huko mbele. Bosompem akawasha gari. Hawakwenda hata nusu kilomita kabla ya kusikia honi nyuma yao, ile honi ambayo Afua angeweza kuitambua hata katikati ya soko la Kejetia, inalia bila kupumzika. Prado lilikuwa linakuja kwa kasi, taa zimewashwa mchana.

"Anakufuata, mama," Bosompem alisema. "Nisimame?"

Afua aligeuka kutazama nyuma. Moyo wake ulikuwa umeruka, na alijionea haya kwa mruko ule. Miaka kumi na tisa si kitu cha kumwagwa mtoni asubuhi moja. Anakuja kulimaliza lile neno, alifikiri, anakuja kunichukua.

"Sogea pembeni," alisema. "Simama."

Bosompem akasogea pembeni, akasimama. Afua akashusha kioo. Prado likafika, likawa sambamba nao, na kwa nukta moja alimwona Mzee Amankwatia kwa karibu kabisa, mikono miwili kwenye usukani, mishipa ya shingo imemtoka. Hakugeuka. Akapita. Huko mbele, mwisho wa njia nyekundu, lile lori la mchanga lilikuwa linapanda kilima, na yeye alikuwa anaifuata namba yake.

Vumbi liliingia kupitia kioo kilichoshushwa likamjaa Afua mdomoni. Alitema, akapandisha kioo.

"Tusubiri litulie?" Bosompem aliuliza.

"Nani?"

"Vumbi, mama."

"Aa. Hapana, twende tu. Pale njia panda kata kushoto, nishushe kwa mama yangu."